Firigisi ya Bi Zuwena

Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, utaamua wa kwanza.

Bi Zuwena wa Chake alikuwa na wana watatu. Kombo alisoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Mwatima alitengeneza kila kilichoharibika. Shaibu, kitinda mimba, hakutupa kitu. Watatu hao ndio waliomjengea mama yao tovuti ya mapishi ya marehemu bibi yao, maana daftari lenyewe lilishaliwa na mchwa.

Asubuhi moja Kombo akaruka, chai ikamwagika. "Jamani! Programu inayoendesha tovuti yetu ina tundu! Wenye programu wenyewe wameandika hapa, mtu yeyote anaingia bila neno la siri. Tuzibe leo leo!"

Wakafungua tovuti. Lo! Penye biriani panauzwa viatu vya ngozi. Penye mkate wa kumimina, ndara. Mapishi yote yamefutwa! Bi Zuwena akaketi chini akalia. "Mama yangu kanifia mara ya pili," akasema.

Mwatima hakulia. Aliifunga tovuti, akamtimua mdukuzi, akaweka kiraka walichotoa wenye programu, akabadilisha maneno ya siri yote. Tundu likazibika, ila ndani hamna kitu.

Hapo Shaibu akakohoa. "Mimi nakala ninayo. Kila Ijumaa huwa nanakili yote."

"Ya nini?" Mwatima akauliza.

"Nampikia mama mkwe. Nimemwambia mapishi ni yangu."

"Mwizi mkubwa wewe!"

Basi mapishi yakarudi, na Bi Zuwena akachinjisha jogoo. Firigisi mnaijua, ni moja tu, na huliwa na mwenye heshima ya nyumba. Tangu mumewe afariki, hajampa mtu. "Leo ataila aliyemwokoa mama yangu," akasema.

"Ni mimi," akasema Kombo. "Nisingesoma, tungekuwa tunauza ndara mpaka leo."

"Nisingeziba mimi, kesho angerudi," akasema Mwatima.

"Na mimi nisingeiba," akasema Shaibu, "mngerudisha nini?"

Bi Zuwena akawatazama mmoja mmoja, akashindwa. Wote kawazaa yeye, na wote wamesema kweli. Firigisi inapoa, na paka wa jirani keshapanda dirishani.

Haya, wewe uliyecheka, sahani hiyo hapo. Ungempa nani? Sema upesi, paka hana mtanziko.