Mpini wa Mwinyi Shekue

Siku ya harusi ya binti yake, Mwinyi Shekue, tajiri wa kijiji kizima, alimwita Mbaruku mhunzi, akamtupia pembe kuukuu ya nyati.

"Nitengenezee mpini wa kisu. Leo hii, na bure. La sivyo, ng'oa kibanda chako kwenye kiwanja changu. Na karamuni usikanyage!"

"Hewala, Mwinyi. Basi nikafanyie kwangu, nijifungie mlango."

"Ili uniibie pembe? Utafanyia hapa hapa uani, niione!"

"Lakini pembe kuukuu haichongeki mpaka ichemshwe ilainike."

"Si moto huo wa pilau? Chemsha!"

"Nifunike chungu?"

"Nimesema niione!"

Mbaruku aliinama kwa adabu, akaagiza mkewe na wanawe wamletee vifaa vyake, akatia pembe chunguni, akachochea kuni. Punde chungu kikatokota, uani kukanuka kama gunia zima la kwato linaungua. Wageni walitoka mbio, shehe akaacha kiatu, bibi harusi akapitia dirishani. Mwinyi mwenyewe aliruka ukuta.

"Mbaruku!" alipiga kelele kutoka mbali, ameshika pua. "Pembe imelainika?"

Mbaruku alikuwa kwenye sinia la pilau na mkewe na wanawe, wote wameziba pua kwa pamba waliyotoka nayo nyumbani.

"Pembe bado, Mwinyi," alijibu, mdomo umejaa. "Lakini nyama imelainika kweli kweli!"