Kwa Nini Kamba ya Mwarindi Hulala Maghimbo

Mnaona leo maduka ya Mwarindi yamejipanga upande huu wa korongo, na ya Maghimbo yamejipanga upande ule, mkadhani bonde hili liliumbwa hivyo. Sivyo. Kulikuwa na wakati ambapo huku chini hapakuwa na njia wala paa la nyumba. Watu wote waliishi milimani, karibu na chemchemi. Bondeni walishuka kuwinda tu, na jua halikuzama wakiwa huku.

Kisha milima ikajaa. Mashamba yakagawanywa hadi mtu akawa na ukanda usiotosha ng'ombe kugeuka. Ndipo kaya kumi na tano zikashuka kutafuta pa kuishi, zikiongozwa na Mwadime. Pamoja naye alikuja mdogo wake, Mlamba, na mke wa Mlamba, aliyeitwa Mkamburi. Hawa wawili hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Bondeni ardhi ilikuwa tele, lakini maji hayakuwapo. Mlamba ndiye aliyesema wachimbe. Alishuka shimoni kwa zamu na mzee mmoja hodari aliyeitwa Nyambu, huku Mkamburi akikaa juu akisokota kamba. Alikata mkonge pori, akauponda juu ya jiwe, akaukwangua hadi zikabaki nyuzi, akazianika, kisha akazisokota juu ya paja mpaka paja likaota sugu. Shimo lilipoongezeka pima moja, na kamba aliiongeza pima moja. Kamba hiyo ilimteremsha mumewe asubuhi na kumpandisha jioni.

Maji yalipatikana kwenye pima ya ishirini na nane. Wiki hiyohiyo ukuta wa shimo ukamegeka na kumwangukia Mlamba. Walimpandisha akiwa hai, kwa kamba ileile, lakini hakumaliza siku tatu.

Matanga yalipokwisha, Mwadime aligawa viwanja kuzunguka kisima. Watu walisimama, kila mmoja akaitwa na kuonyeshwa mpaka wake. Mkamburi alingoja jina lake hadi watu wakaanza kutawanyika. Alipouliza, Mwadime alimweleza kwa upole kwamba kiwanja hupewa mwanamume, au mama aliyezaa mwanamume, na kwamba afadhali yeye arudi kwao milimani, kaka zake wamtunze. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa kuamini.

Mkamburi alikwenda kisimani. Aliikunja kamba yake, akaitwika kichwani, akavuka korongo. Ng'ambo ya pili, mahali panapoitwa leo Maghimbo, akajenga kibanda. Mzee Nyambu alimfuata, maana aliona aibu kuishi kando ya kisima alichochimba na marehemu huku mjane amefukuzwa. Baadaye zikaja kaya sita nyingine, zile zilizopewa viwanja vya mawe matupu.

Watu wa Mwarindi walisema kamba ni kamba tu. Wakasokota yao kwa siku mbili, kwa nyuzi ambazo hazijakauka. Ikakatika, mfuko wa ngozi wa kuchotea ukazama. Wakasokota nyingine, nayo ikakatika, maana ustadi wa kamba ndefu kama ile alikuwa nao Mkamburi peke yake. Wakawa wanainama ukingoni, wanayaona maji yakimeta kule chini, wasiweze kuyafikia. Watu wa Maghimbo nao walikuwa na kamba nzuri isiyo na kisima. Basi wote wakawa wanaondoka alfajiri kwenda mto wa mbali, na kurudi jua likitua.

Mwanzoni Mkamburi alifurahi. Alipowaona wanawake wa Mwarindi wakipita na vibuyu, wamechoka, moyo wake ulitulia kidogo. Lakini siku moja Mzee Nyambu alikaa chini njiani kupumzika, asiinuke tena. Walimkuta amefariki, kibuyu chake kimejaa, amekiegemeza vizuri kwenye jiwe kisimwagike. Tangu hapo Mkamburi alipoitazama kamba ile ukutani hakuona tena raha ndani yake. Mzee yule alikuwa amemfuata yeye.

Siku chache baada ya mazishi, Mwadime alivuka korongo peke yake, midomo imepasuka kwa ukavu. Alikaribishwa kigoda, akakaa.

"Shemeji, nilikosea," alisema. "Kiwanja chako kipo, tena mbele kabisa ya kisima. Njoo na kamba."

"Na hawa walionifuata?"

Mwadime alisema kuzunguka kisima hapakuwa na nafasi ya wote.

"Basi na mimi sina nafasi huko," Mkamburi akamjibu. "Kamba nitaileta kila asubuhi, tuchote sote. Jioni itarudi huku, niianike na kuitengeneza."

"Na siku usipoileta?"

"Siku hiyo na mimi sitakunywa. Kisima si unacho wewe?"

Mwadime alilifikiria jambo hilo. Alijua kwamba hata yeye angeweza kukifunika kisima siku yoyote, na kamba ile isingemfaa mtu. Akainuka, akaenda kuishika kamba, akaiona nzito kuliko alivyodhani. Wakaibeba wawili, Mkamburi mbele na Mwadime nyuma, wakavuka korongo. Wanawake wa vijiji vyote viwili walichota siku hiyo. Walioanza ni wa Maghimbo, kwa kuwa wao walikuwa na mwendo mrefu wa kurudi nyumbani.

Na tangu siku hiyo kisima kikawa cha Mwarindi, na kamba ikawa ya Maghimbo. Mkamburi alizeeka huko, akawafundisha mabinti wa majirani kusokota, nao wakawafundisha wengine. Vijiji vikapata maduka, shule na zahanati, vikaitwa miji. Juzijuzi kisima kilifungwa pampu, na fundi akamkabidhi ufunguo mwenyekiti wa Mwarindi. Mwenyekiti aliupeleka Maghimbo jioni ileile, fundi akashangaa. Miji hii miwili hugombana kwa mengi, kuanzia siku za soko hadi mpira. Lakini kila asubuhi mwanamke mmoja huvuka korongo na ufunguo, na wa kwanza kuchota huwa ni wale wanaotoka mbali.