Surua ya Mtoto wa Mbango

Niwaletee?
— Tuletee.
Niweke wapi?
— Weka masikioni, kwingine kumejaa.

Haya, naweka.

Palikuwa na Nguchiro. Nasema Nguchiro, si Kicheche. Kicheche ni mwingine, ananuka, na hakuna mzazi angemwachia mwanawe. Nguchiro huyu alikuwa mama wa mapacha, na baba yao alimezwa na chatu kabla wao hawajafumbua macho. Alikaa katika kichuguu kikuukuu kilichohamwa na mchwa, chenye mashimo saba. Shimo moja lilikuwa lake na wanawe. Katika mashimo sita alilea watoto wa wenzake. Wazazi waliwaleta alfajiri, wakaenda kutafuta riziki, wakaja kuwachukua jua likishuka, na kila mzazi alitoa fungu moja la mabuu kwa siku. Mabuu yakija, mapacha walikula. Yasipokuja, mapacha walilala na njaa.

Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa la mtoto wa Mbango. Mbango ndiye Ngiri; majina ni mawili, mnyama ni yule yule. Alikuwa na meno manne yaliyotoka nje, kifua kama gogo, na sifa ya ucha Mungu, kwa sababu alipokula alipiga magoti. Wapita njia walimwona chini wakadhani anaomba. Kumbe anatafuna.

Siku alipomleta mwanawe, Nguchiro alimpa sharti lile lile alilowapa wenzake.

"Shimo hili ni lenu, mje msije. Msipokuja, ujira ni ule ule, kwa sababu nimelifagia na nimemnyima mwingine. Isipokuwa mtoto akiugua. Ugonjwa silipishi."

"Maneno ya haki, mama," akasema Mbango, akapiga magoti palepale kuyakubali. Mahali hapo palikuwa na mzizi. Akaula.

Mambo yakaenda vizuri mpaka binadamu wa ng'ambo ya korongo walipovuna shamba lao la njugu. Mwenye kujua kilimo anajua kwamba njugu hazing'olewi zikaisha. Nyingi hukatika zikabaki udongoni, na hizo ni za atakayewahi. Pua ya Mbango ilikuwa pana, na meno yake yalimzuia. Pua ya mwanawe ilikuwa nyembamba, iliingia katika kila ufa. Basi Mbango akaona kwamba mtoto ana faida zaidi shambani kuliko kichuguuni.

Siku ya kwanza Nguchiro akafagia shimo, fya, fya, fya. Akangoja. Mtoto hakuja. Jioni Mbango akapita, mkia wima, tikitiki tikitiki, akasema mtoto anaumwa tumbo. Nguchiro akampa pole. Hakudai kitu.

Siku ya pili akafagia shimo, fya, fya, fya. Akangoja. Mtoto hakuja. Jioni Mbango akapita, tikitiki tikitiki, akasema tumbo limepona, sasa ni jicho. Nguchiro akampa pole. Hakudai kitu.

Siku ya tatu akafagia, akangoja, mtoto hakuja. Jioni lilikuwa sikio. Mapacha walilala wakinyonya makucha yao.

Siku ya nne akaja Mama Kanga na kifaranga chake, kimoja tu, kilichobaki katika kumi. Akaomba nafasi. Nguchiro akamjibu kwamba mashimo yamejaa. Mama Kanga akalitazama lile shimo kubwa, jeupe, lililofagiliwa.

"Na lile, dada?"

"Lile lina mwenyewe. Anaumwa."

Mama Kanga akaondoka. Akakificha kifaranga majanini, akaenda kutafuta chakula, kwa maana angefanyaje? Mwewe akashuka, fyuu. Kifaranga kilipona, lakini manyoya yote ya mgongo yalikwenda na mwewe, pamoja na kipande cha ngozi.

Nguchiro alipopata habari alikwenda kukitazama. Kilikuwa kinatetemeka na hakikuweza kulia. Akarudi kwa njia ya korongo, kichwa kimeinama, na pale majini akamkuta mtoto wa Mbango akinywa, pua yote imejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikio linaendeleaje?"

Mtoto akafikiri. "Sikio gani?" Halafu akakumbuka, akakohoa mara mbili. "Baba kasema nikikutana nawe nikohoe."

Akaeleza yote, kwa kuwa hakujua kwamba ni siri. Alichimba tangu alfajiri. Baba alikula, yeye alichimba. Miguu ilimuuma, na alitamani kulala katika shimo lake.

Hapo Nguchiro akaelewa. Halikuwa jambo la mabuu tena. Katika sharti lake alikuwa ameacha mlango mmoja wazi, mlango wa huruma, na mtu mzima mwenye meno manne ameufanya njia ya wizi. Tena gharama ameilipa mtoto wa watu, kwa ngozi ya mgongo wake. Alitamani kumng'ata Mbango pale pale alipo. Lakini akayapima meno yake kwa ulimi, akaona ni madogo.

Jioni Mbango akapita, tikitiki tikitiki. Alikwisha kuchoka kuja kila siku na kiungo kipya. Alitaka ugonjwa wa siku nyingi, utakaomtosha mpaka njugu ziishe.

"Leo ni surua," akasema.

"Surua, baba?"

"Surua. Mwili mzima."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Basi pole sana," akasema Nguchiro. "Surua si jambo la kumwachia mtu mmoja."

Katika nyika ile surua ilikuwa na desturi yake. Mlangoni huwekwa tawi la mwarobaini. Wa ndani hawatoki siku saba. Majirani huja kukaa nje ya mlango kutwa nzima, kumliwaza mwenye mgonjwa, na huleta maji na majani machungu. Mbango aliijua desturi hiyo. Alidhani tu kwamba hakuna atakayejisumbua kwa ajili ya mtoto wa ngiri. Lakini jua halijazama, Nguchiro alikuwa amekwisha kupita kwa wote, chwi chwi chwi, mlango hata mlango.

Alfajiri Mbango alitoa kichwa, akagonga pua kwenye mwarobaini. Nje amekaa Kobe, mkubwa wa nyika, na Nungunungu, na Digidigi na mkewe, na Mama Kanga na kifaranga chini ya bawa.

"Pole, Mzee Mbango," wakasema wote kwa pamoja.

Mbango akasema mtoto amepata nafuu. Kobe akamwambia nafuu ya siku ya kwanza ya surua si ya kuaminiwa. Mbango akasema anakwenda kutafuta chakula cha mgonjwa. Wakamsogezea majani machungu. Akataka kupita kwa nguvu. Nungunungu akageuka, akasimamisha miiba yake yote, akamwomba radhi kwa adabu, akasema desturi ni desturi.

Ndani, mtoto alilala usingizi wa kukoroma. Ng'ambo ya korongo walikuwapo kwale, tumbili na panya buku, na sauti yao ikavuka mpaka mlangoni: kwaru, kwaru, kwaru. Mbango aliijua sauti hiyo. Kila kwaru ni njugu moja. Kutwa kwaru. Siku ya pili kwaru. Siku ya tatu akamwita Nguchiro mlangoni kwa kunong'ona.

"Mama, nitakulipa siku zote."

"Za nini, baba? Ugonjwa silipishi."

"Hakuwa mgonjwa."

"Mimi nimekusikia. Mama Kanga amekaa mbali."

Mbango akamtazama Mama Kanga. Akasikiliza ng'ambo: kwaru, kwaru. Akainua sauti.

"Mtoto hakuugua. Hakuugua hata siku moja. Alikuwa akinichimbia njugu."

Hakuna aliyecheka. Kobe akaliondoa tawi polepole. Mama Kanga akasimama, akamsogelea Mbango, akainua bawa, akamwonyesha kifaranga mgongo. Mbango aliangalia kando.

Kisha akakimbia shambani, mkia wima. Akakuta maganda. Hata maganda yalikuwa yamekwisha kupekuliwa.

Mabuu ya siku zote aliyaleta mbele ya Kobe, na mapacha walikula mpaka wakasinzia wameketi. Shimo kubwa likapewa kifaranga. Mbango akauliza, je, mwanawe?

"Mwanao hana kosa," Nguchiro akasema. "Atalala na wanangu. Ila aletwe na mama yake, au shangazi yake, au mpita njia. Kwako wewe sipokei mtoto."

Funzo? Najua mnalingoja. Mzazi ukitaka kumdanganya mlezi, usiseme surua. Sema tumbo. Tumbo hupona kabla majirani hawajavaa viatu.

Nimeleta, nimeweka. Mwenye kutaka zaidi na alete yake.