Mteremko wa Kwembalazi

Mteremko huziba masikio. Mmeisikia leo kikaoni, wajomba walipokuwa wakimsema yule kijana aliyepata cheo mjini asirudi hata kumzika shangazi yake, nanyi mkauliza methali hiyo imetoka wapi. Wengi hudhani ni maneno ya wahenga wa kale. Sivyo. Ina watu wake na ina barabara yake, na mambo yalikuwa hivi.

Walikuwepo ndugu wawili katika milima ya Usambara, Kaoneka na Singano. Kaoneka, mkubwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka ishirini na sita aliwasimulia watoto habari za vijiji vya kale vya huko milimani: kijiji ambako wahunzi waliyeyusha chuma, kijiji walikozikwa mazumbe, yaani watawala wa zamani, na kijiji cha Mtanda bondeni, penye kuta za ngome ya mawe ambayo hakuna aliyejua kwa hakika nani aliijenga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuviona hata kimoja. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na safari hiyo aliiahirisha mwaka hadi mwaka. Alipostaafu akamwambia mdogo wake, "Kifua hiki hakitanisubiri. Nataka nikavione vijiji vile kwa baiskeli, taratibu, kimoja baada ya kingine. Twende wote."

Singano alikuwa seremala, mtu wa mabega mapana, mdogo kwa kaka yake kwa miaka kumi na miwili. Baba yao alipofariki, Kaoneka ndiye aliyemlea. Hakuweza kumkatalia. Wakafunga blanketi na viazi vya kuchoma kwenye baiskeli zao, wakaondoka asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya kabichi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa njema kuliko siku zote ambazo ndugu hao waliwahi kuwa pamoja. Milima ile haina huruma kwa mwenye baiskeli. Ukimaliza kupanda mmoja, unateremka kidogo hadi kijitoni, na mwingine unakungoja ng'ambo. Mahali pengi walishuka wakasukuma. Lakini kusukuma kulikuwa na mazungumzo yake. Kaoneka alisimulia ya utoto wa Singano, hata yale ambayo Singano hakuyakumbuka, na Singano alikwenda kwa hatua za kaka yake, sikio lake likiwa kwenye kifua cha mwenzake. Pumzi ilipoanza kupiga mluzi, alisimama kabla hajaambiwa, akajifanya anakaza nati ya gurudumu.

Katika kijiji cha wahunzi walionyeshwa mabaki ya chuma kilichoyeyushwa, meusi, yamezama kwenye nyasi kama kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kaoneka alichuchumaa akayapapasa, machozi yakamtoka. "Nilikuwa nikiwaambia watoto," alisema, "na moyoni nikihofu kwamba nawadanganya."

Siku ya nne wakaukabili mlima wa Kwembalazi, mkubwa kuliko yote waliyoipita. Ng'ambo yake ndiko kulikokuwa na Mtanda. Walianza kupanda jua likichomoza, na hadi saa nne walikuwa bado katikati. Mluzi wa kifua cha Kaoneka ulikuwa haukatiki.

"Lete huo mfuko, kaka," Singano alisema.

"Si mzito."

"Si mzito ukiwa umekaa. Hapa hata kofia ni mzigo. Lete."

Akauchukua, akaufunga juu ya mzigo wake mwenyewe. Ilikuwa huruma tupu. Wote wawili hawakukumbuka kwamba ndani ya mfuko ule, kwenye kijimfuko cha pembeni, ndimo ilimokuwa chupa ya vidonge vya pumu.

Walifika kileleni adhuhuri. Bonde lote lilikuwa wazi chini yao, na mto na daraja lake la mbao, na upande wa pili paa za Mtanda na kuta za kijivu. Barabara ilishuka kwa kona tisa. Kaoneka alitazama huku akiitafuta pumzi.

"Tushuke polepole, Singano," alisema hatimaye. "Tushuke pamoja."

"Pamoja, kaka."

Na walianza pamoja. Lakini Singano alikuwa amejizuia kwa siku nne. Miguu yake ilikuwa na nguvu ambazo hakuzitumia, na sasa barabara yenyewe ilimbeba. Kwenye kona ya pili aligeuka, akamwona kaka yake anakuja nyuma. Kwenye kona ya tatu hakugeuka. Upepo ulimjaa masikioni, shati likavimba mgongoni, na akajisikia kijana wa miaka kumi na minane. Mahali fulani chini ya kona ya tano alisikia kitu kama sauti, mbali, nyembamba. Alidhani kaka yake naye anashangilia. Akapiga ukelele wa furaha kumjibu, akaachia breki.

Kwenye daraja alisimama, akicheka peke yake. Akanawa uso mtoni, akakaa kwenye jiwe. Hakuwa na wasiwasi. Alijua desturi ya kaka yake ya kusimama kutazama kila kitu. Muda ukapita, kivuli cha daraja kikasogea, njaa ikamshika. Akafungua mfuko wa Kaoneka atafute kiazi, mkono ukagusa chupa.

Alibaki ameishika. Kisha akairukia baiskeli yake na kuugeukia mlima.

Njia aliyoishuka kwa muda wa kunywa chai haikutaka kumrudisha. Alikanyaga hadi mapaja yakakataa, akasukuma, mwisho akaitupa baiskeli mtaroni, akakimbia kwa miguu, chupa mkononi, akiita, "Kaka! Kaka Kaoneka!" Sasa alisikia kila kitu, ndege kwenye mikaratusi, maji kwenye mitaro, kokoto chini ya viatu vyake. Kile alichokitaka hakukisikia.

Juu ya kona ya nne alimkuta bibi mmoja amekaa kando ya barabara, miguu ameinyoosha. Aliitwa Bi Mwantumu, na shamba lake la maharage lilikuwa pale pale ukingoni. Pembeni yake palikuwa na baiskeli imelazwa vizuri, na mtu aliyefunikwa kanga.

"Wewe ndiye Singano?" bibi aliuliza.

"Ni mimi." Akanyoosha chupa. "Dawa yake hii hapa, bibi. Nimeileta."

Bi Mwantumu aliitazama ile chupa. "Irudishe mfukoni, baba. Haimfai tena."

Singano akapiga magoti. Hakuifunua kanga. "Alisema nini?"

"Mimi nilikuwa shambani. Nililisikia jina lako kabla sijamwona anayeliita. Mwanzo aliita kwa nguvu. Baadaye akawa anaita chini chini, kama anayesema na mtu aliyekaa naye. Nikampa maji, hayakupita. Nikamwambia, nyamaza upumzike, huyo mtu atakuja. Akasema, 'Atakuja. Huwa ananisikia.'"

"Sikusikia, bibi. Wallahi sikusikia."

"Najua. Nimeolewa kwenye kona hii, na nimezeekea hapa. Wanaopanda husimama, wakaniamkia, wakaomba maji. Wanaoteremka nawaita, hata ng'ombe akiwa barabarani, wala hawageuki." Akaiweka sawa kanga, upepo ulikuwa umeifunua kidogo. "Mteremko huziba masikio, mwanangu."

Hakumkaripia wala hakumliwaza. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba pale kwake kuna baridi.

Watu wa Mtanda walipanda na machela, wakamteremsha Kaoneka hadi kijijini kwao, na huko ndiko alikozikwa, hatua chache kutoka kwenye zile kuta alizotaka kuziona. Singano alirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli mbili mikononi, siku tano.

Mjane wa kaka yake, Bi Zaituni, alimpokea mlangoni. Alitazama baiskeli, akahesabu watu.

"Ulikuwa wapi, shemeji?"

"Nilikuwa mbele."

"Hakukuita?"

"Aliita."

Hapo akayarudia maneno ya yule bibi, kwa kuwa hakuwa na mengine. Binamu yake mmoja aliyekuwa uani akasema kwa hasira, "Kumbe kosa ni la mlima!" Kwa muda mrefu watu waliyachukua maneno hayo hivyo, kama udhuru wa mtu aliyemwacha nduguye, wakayatumia kumsimanga akipita.

Hakupanda baiskeli tena. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, akichonga milango ya watu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akijitetea. Ila mtu alipopata neema, harusi, cheo, mavuno makubwa, Singano alikwenda kumpongeza, akampa mkono, na kabla ya kuuachia alimwambia, "Wakati wa kupanda nilisikia hata pumzi yake. Nilipopata raha, sikusikia hata jina langu."

Ndipo watu wakaelewa kwamba hakuwa akiulaumu mlima, na neno lile walilomsimangia wakaanza kuambiana wao kwa wao. Hilo halikumpunguzia kitu. Alikufa akiwa anauliza wanaomuuguza kama kuna mtu anaita nje, na kila walipomwambia hakuna, hakuwaamini.

Mteremko huziba masikio.