Mgongo wa Mwanamvua

Paukwa, wanangu! Pakawa Mwanamvua, msichana mwenye ukurutu usiopona, aliyechoka kujikuna na kuchekwa.

Zimwi la shimoni likamwita: "Njoo nikumeze, usiwashwe tena." Siku ya kwanza akasogea. Siku ya pili akasogea zaidi. Siku ya tatu alishafika ukingoni, wifi yake Zuhura akamkimbilia na mafuta ya nazi.

"We wifi, mgongo umepaka?"

"Mkono haufiki."

"Na sisi tupo wa kazi gani? Kaa chini!"

"Atakuchoka huyo!" zimwi likanguruma.

"Nikichoka nitapumzika, kesho nimpake tena," Zuhura akajibu, akiendelea kupaka.

Mwanamvua akaligeuzia shimo kisogo, akalia. "Asante, wifi."

"Asante ya nini? Geuka, bado bega."

Ukurutu haukuisha, wanangu. Zimwi ndilo lililokufa, kwa njaa.