Medali Moja ya Ubingwa wa Kwanza

Hapo zamani, nchi ilipokuwa bado changa na bendera yake haijapauka, yalifanyika mashindano ya kwanza ya kumpata bingwa wa soka wa taifa zima. Mechi ya mwisho ilikutanisha timu mbili: Nyota, vijana wa mashamba ya mkonge, na Mwangaza ya mji mkuu. Kwa pointi zao, Mwangaza walihitaji sare tu. Nyota ilikuwa lazima washinde.

Nahodha wa Nyota aliitwa Kitwana, mkata mkonge, mtu wa maneno machache. Kabla ya mchezo, mwenyekiti wa chama cha soka aliwaonyesha manahodha wote wawili medali ya dhahabu.

"Ni hii moja tu," alisema. "Nahodha wa mabingwa atamvalisha mtu aliyeuleta ubingwa. Asijivalishe mwenyewe."

Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Wakati wa mapumziko Kitwana akagundua kuwa soli ya njumu yake ya kulia imebanduka. Jozi ya akiba haikuwepo. Winga wake, Tamimu, akainama akavua zake.

"Vaa, kapteni. Wewe ndiye mpigaji wetu."

"Na wewe?"

"Nitacheza peku."

"Uwanja huu una kokoto, Tamimu."

"Nimeziona."

Hazikupita dakika kumi, vidole vya Tamimu vikawa vinavuja damu. Mabeki wakamkanyaga makusudi. Akazidi kukimbia.

Kisha Mwangaza wakapata penalti. Golini alisimama Magoma, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu alipogongana na mshambuliaji. Siku zile sheria haikuruhusu kumwingiza mchezaji wa akiba.

"Utaweza?" Kitwana akamwuliza.

"Nipishe nione mpira."

Shuti likaja upande wa kushoto. Magoma akaruka, akalipangua kwa mkono uleule mbovu. Alipoinuka, kiganja kilikuwa kinaning'inia. Mfupa umevunjika. Akabaki golini.

Zikasalia dakika mbili. Tamimu akachomoka pembeni, akamimina krosi. Kitwana akaunganisha kwa mguu wa kulia. Mpira ukagonga mwamba, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Nusu ya watu wakadai ni goli, nusu wakakataa. Refa alikuwa mbali, na mshika kibendera hakuona. Aliyekuwa pale mstarini ni mmoja tu: Chikawe, beki wa Mwangaza.

Refa akamwendea. "Uliuona?"

Nahodha wa Mwangaza akamsogelea beki wake, akasema kwa sauti ya chini, "Chikawe, kumbuka unaishi mtaa gani."

Chikawe akamgeukia refa.

"Ulivuka mstari," akasema.

Refa akalikubali goli, na muda ulipokwisha filimbi ya mwisho ikalia. Nyota wakawa mabingwa.

Mwenyekiti akamkabidhi Kitwana medali. Magoma akaja, mkono umefungwa kwa shati.

"Mkono huu hautashika tena kisu cha mkonge," akasema. "Ningeiacha penalti ile ipite, goli lako lingekuwa la kusawazisha, na ubingwa ungekwenda kwao."

Tamimu naye akaja akichechemea. "Ungepiga kwa njumu ipi, kapteni? Na krosi ile nilikupa kwa nyayo hizi."

Kitwana akamtafuta Chikawe. Akamkuta getini peke yake, kifua wazi. Wenzake walikuwa wamemvua jezi.

"Na wewe unasemaje?"

"Sikuwa upande wenu, ndugu yangu. Niliulizwa, nikajibu. Ila ningesema sikuona, medali hiyo usingekuwa nayo. Sasa timu sina, na mtaani sijui nitapitaje."

Nyuma yake Kitwana akasikia sauti ya mwenyekiti: "Kapteni, watu wanasubiri."

Akageuka. Magoma anamtazama. Tamimu anamtazama. Chikawe ameinamisha kichwa.

Basi nyinyi mlionisikiliza, mngekuwa ndio Kitwana, mngemvalisha nani?