Nyeusi Tii

Ugonjwa ukifichwa hauondoki. Hujikalia kimya mpaka siku utakapoamua wenyewe kujitangaza, na siku hiyo haumwulizi mtu kama yuko tayari. Hayo ndiyo yaliyomfika mpokeaji wageni mmoja wa hoteli, ambaye wenzake walimwita Mama Tabasamu.

Mvi zilianza kumchungulia kwenye kipaji cha uso, kisha zikatamalaki kichwa kizima. Hazikumkosesha usingizi mpaka alipokuja meneja mpya. Meneja huyo alisimama mbele ya kaunta, akamtazama kuanzia utosini, akasema kwa upole, "Mama, sura ya hoteli ni mapokezi." Mwenzake wa makamo kama yeye alikuwa ameshahamishiwa chumba cha kufulia mashuka, na tangu siku hiyo Mama Tabasamu akawa anakwenda kazini roho mkononi.

Siku yake ya mapumziko alikwenda saluni kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alishusha ubao wenye vishungi vya nywele za rangi mbalimbali, akawa anaviweka kimoja kimoja kando ya shavu lake mbele ya kioo.

"Kahawia hii iliyokolea ndiyo yako, wifi," alisema. "Inalainisha uso, na mvi zikirudi hazitapiga kelele. Au tupake hina, tulale usingizi."

"Hina itanitangaza. Mimi nataka nyeusi tii."

"Nyeusi tii kwa umri wetu huwa kama kofia ya kuazima," wifi akacheka. "Haya, kichwa ni chako. Ulishawahi kupaka dawa ya rangi?"

Swali lile lilimchoma. Aliwahi. Miaka ya nyuma alijipaka nyeusi nyumbani kwa siri, masikio yakavimba na ngozi ya kichwa ikatoa maji. Daktari alimwonya asiiguse tena maisha yake yote, kwa kuwa mara ya pili mwili unaweza usisamehe. Alijitanda kitambaa mpaka akapona, na mumewe akaambiwa ni vipele vya joto.

"Sijawahi," akajibu.

"Basi nikupake kidogo nyuma ya sikio, urudi keshokutwa tuone."

"Nilishajijaribu mwenyewe nyumbani, kwa dawa hii hii. Salama salimini."

Wifi alimwamini, maana nani angemdhania mtu uongo wa kujidhuru mwenyewe? Akavaa glavu, akakoroga dawa bakulini, akaanza kuipaka kwa brashi, fungu baada ya fungu.

Mwanzo palikuwa na ubaridi tu. Kisha mwasho ukaanza kisogoni, ukatambaa kama siafu hadi nyuma ya masikio. Mama Tabasamu aliikamata mikono ya kiti kwa nguvu.

"Unasikia chochote?" wifi akauliza.

"Hapana."

Hofu ya dawa na hofu ya meneja zilikuwa zikimgombania, na ya meneja ikashinda. Wifi akaenda kumsuka mteja mwingine, akampa mgongo.

Kiooni, Mama Tabasamu aliona kope zake zikijaa. Midomo ikafura. Uso uliokuwa ukimtazama ulikuwa wa mtu asiyemjua, nao ulizidi kubadilika kila alipopepesa macho. Akataka kuita, lakini koo lilikuwa limekuwa jembamba kama tundu la sindano, na pumzi ikawa inaingia kwa mluzi. Nitafia hapa, aliwaza, na watasema wifi ndiye aliyeniua. Ndipo akalia. Halikuwa neno bali kilio kikavu, kama cha mnyama aliyenaswa, na saluni nzima ikamgeukia.

Wifi alimmwagia maji kichwani kwa mikono mitupu, kisha yeye na yule mteja wakambeba hadi kwenye teksi. Zahanati ilikuwa karibu. Daktari alimdunga sindano pajani na kumvisha barakoa ya hewa kabla hata ya kuuliza jina.

"Dawa hii iliwahi kumdhuru?" akauliza baadaye.

"Hapana, daktari," wifi alijibu, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa rangi. "Alijijaribu. Sijui mikono yangu imekosea wapi."

Mama Tabasamu aliisogeza barakoa pembeni. "Hajakosea," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Iliwahi kunidhuru. Nilikatazwa. Nimemdanganya wifi yangu."

Wifi aliketi. Alimrudishia mgonjwa barakoa, na pumzi zake zilipotulia akasema polepole, "Ungenifia kitini. Ningemwambia nini kaka yangu?"

Machozi ya mgonjwa yalipenya katikati ya kope zilizofura.

Mume alipofika, Mama Tabasamu alimweleza yote mwenyewe, hata habari ya kitambaa. Wifi ndiye aliyemnyoa ili apakwe dawa ya vidonda. Alimnyoa taratibu, bila utani hata mmoja, na ukimya ule ulimuuma kuliko wembe. Mama Tabasamu alirudi kaunta, upara ukianza kuota mvi upya. Meneja alimtazama, akapita. Kama angemhamisha au angemwacha, hakuna aliyejua, lakini hofu hiyo sasa ilikuwa ndogo mbele ya ile aliyoiona kiooni. Alikuwa amemficha mume, akamficha wifi, akaificha na ngozi yake iliyokuwa ikiungua, na mwisho sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomtoa hadharani. Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.